Kijana anayetaka kujua programu aanze na mashine ndogo ya zamani

Katika miji ya Goma, Bukavu na Beni, mafunzo ya kompyuta kwa vijana waliokimbia vita yamekuwa jambo la kawaida. Shirika linafika, linakodi chumba, linaleta kompyuta kumi, jenereta na intaneti. Kwa wiki mbili vijana wanafundishwa kuandika barua, kufungua kurasa, na siku za mwisho wanaonyeshwa kidogo namna tovuti inavyotengenezwa. Siku ya kufunga wanapewa cheti na kupigwa picha. Kesho yake chumba kimefungwa, jenereta imerudi kwa mwenyewe, na kijana amebaki na karatasi inayosema anajua kazi ambayo hana chombo cha kuifanyia.

Lawama haiwaendei vijana, wala si lazima iwaendee walimu. Tatizo linaanzia kwenye chaguo la kwanza: kumfundisha mtu kazi inayodai intaneti kila saa, wakati yeye ananunua megabaiti kidogo kidogo na kuzigawanya kwa wiki nzima. Wanaotaka kweli vijana hawa wajue programu wangefanya vizuri kuanza mahali ambapo wengi watacheka wakisikia: michezo ya mashine za zamani, kama Famicom ya mwaka 1983 na Game Boy ya mwaka 1989, ambazo kampuni ya Nintendo ya Japani iliacha kuzitengeneza zamani.

Wanaocheka wasubiri kidogo.

Wengi waliokuwa watoto miaka ya 1990 na 2000 wanaifahamu jamaa hii ya mashine hata kama jina lake hawalijui. Katika nchi nyingi za Afrika, kilichofika sokoni hakikuwa Famicom yenyewe. Zilikuwa mashine za kuiga kutoka Asia, za bei ndogo, zenye kasete ya plastiki ya njano iliyoandikwa kwamba ina michezo maelfu. Ndani mlikuwa na michezo michache iliyorudiwa na kupewa majina mengine. Watoto walijua udanganyifu huo siku ya kwanza, na bado walicheza.

Game Boy ilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989. Ndani yake mna prosesa ya biti 8 inayopiga mapigo karibu milioni 4 na laki 2 kwa sekunde, kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 8, na kilobaiti nyingine 8 kwa ajili ya picha. Kioo kina pikseli 160 kwa upana na 144 kwa kimo, na rangi nne tu, kutoka weupe hadi weusi. Inakula batri nne ndogo. Gunpei Yokoi, aliyeongoza kazi ya kuitengeneza, aliamini kwamba kifaa kilichozoeleka na kushuka bei kinaweza kufanya kazi mpya mtu akikifikiria vizuri. Washindani wake, Lynx ya Atari na Game Gear ya Sega, walikuja na vioo vya rangi vilivyomaliza batri haraka. Game Boy, pamoja na ndugu yake wa rangi aliyefuata, iliuzwa zaidi ya milioni 118. Yokoi angeelewana sana na mafundi wa Birere wanaofufua redio kwa vipande vya redio nyingine.

Hoja kubwa kuhusu mashine hii ni kwamba inaenea yote kichwani mwa mtu mmoja. Hakuna anayejua kila kinachofanyika ndani ya telefoni ya leo, hata wahandisi walioitengeneza. Kila mmoja anajua sehemu yake. Game Boy inawezekana kuijua kuanzia kitufe hadi kioo. Maelezo yake yamekusanywa katika kitabu cha kiufundi kiitwacho Pan Docs, kilichoanza kuzunguka mwaka 1995 na ambacho watu wa kujitolea wanaendelea kukisahihisha. Ni cha bure, na kinaweza kupakuliwa mara moja na kusomwa mwaka mzima bila intaneti. Vyombo vya kazi pia ni vya bure: RGBDS kwa anayetaka kuandika kwa asembla, lugha iliyo karibu kabisa na mashine; GBDK-2020 kwa anayetaka lugha ya C; na GB Studio, iliyotolewa na Chris Maltby mwaka 2019, kwa anayetaka kuanza kwa kupanga picha na matukio bila kuandika mistari ya programu. Mashine yenyewe hata si lazima kuwa nayo. Kuna emuleta, yaani programu inayoigiza Game Boy ndani ya kompyuta, na nyingine zinafanya kazi katika telefoni ya bei ndogo.

Kisha kuna ukubwa wa kazi inayozaliwa. Tetris ya Game Boy, mchezo uliochezwa duniani kote, ni kilobaiti 32. Picha moja ya telefoni yenye megabaiti 2 ina ukubwa wa michezo 64 ya namna hiyo. Kazi ya mwaka mzima ya kijana inaweza kutumwa kwa Bluetooth kwa kupepesa jicho, na ikabaki katika telefoni ya dada, ya mjomba na ya jirani. Kwa jamaa zilizozoea kuhama, hilo si jambo dogo. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi zilizozunguka Goma, zikiwemo Bulengo na Lushagala, ziliachwa tupu kwa siku chache, na watu walibeba walichoweza kubeba. Kompyuta nzito haibebwi mgongoni pamoja na mtoto na godoro. Flashi ndogo inashonwa kwenye pindo la kitenge.

Somo la kwanza halihitaji umeme hata kidogo. Mtoto anainua vidole vinane na kuacha vidole gumba. Kidole cha kwanza upande wa kulia ni 1, cha pili ni 2, cha tatu 4, cha nne 8, halafu 16, 32, 64 na 128. Kidole kilichosimama kinahesabiwa, kilichokunjwa hakihesabiwi. Vidole vyote vinane vikisimama, jumla ni 255. Hiyo ndiyo baiti moja, na kila kitu ndani ya Game Boy, iwe sauti, picha au maisha yaliyobaki ya mchezaji, ni baiti. Ukiongeza moja juu ya 255, vidole vyote vinaanguka na hesabu inarudi sifuri. Mchezo wa Pac-Man wa mwaka 1980 ulipatwa na jambo hilo: hatua zilihesabiwa kwa baiti moja, na waliofika hatua ya 256 waliona nusu ya kioo imejaa herufi na alama ovyo, wakashindwa kuendelea. Somo la namna hii linaweza kupitishwa hata redioni, na mtoto aliye Minova au Kalehe akalifuata kwa mikono yake mwenyewe.

Somo la pili linahitaji kaye ya vijumba na biki. Game Boy hupanga picha kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8. Mwanafunzi anachora mraba wa vijumba 8 kwa 8, anapaka vingine giza na kuacha vingine vyeupe, kisha anageuza kila mstari kuwa namba kwa ile hesabu ya vidole. Kwa kuwa kila pikseli huchagua rangi moja kati ya nne, inahitaji biti mbili, na kigae kizima kinakula baiti 16. Kioo kizima ni vigae 20 kwa 18, yaani 360. Mtoto aliyechora jicho, mkono na mguu kwa njia hiyo, akabadilisha mistari kuwa namba kwa mkono, siku atakapoona umbo lake likisimama kwenye kioo atajua limetoka wapi.

Pengine kuna atakayeona aibu kwamba watoto wa Kivu wafundishwe kompyuta kwa karatasi. Aelezwe kwamba Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka walichora hatua za Super Mario Bros., mchezo wa mwaka 1985, kwenye karatasi za vijumba kabla hazijaingizwa katika mashine. Aelezwe pia habari ya Masahiro Sakurai, aliyebuni mchezo wa kwanza wa Kirby kwa Game Boy mwaka 1992. Mwaka 2017 Sakurai alisimulia kwamba chombo walichotumia kazini hakikuwa na kibodi. Namba ziliingizwa moja moja kwa kusogeza mpira wa mkono na kuchagua alama kwenye kioo. Watu hao walikuwa na mishahara na umeme, na bado walifanya kazi namna hiyo.

Kiswahili nacho kina bahati hapa. Herufi zake hazina alama juu wala chini. Ukiondoa q na x, zinabaki 24, na kila moja ni kigae kimoja: baiti 384 kwa alfabeti nzima. Anayeandika mchezo kwa Kifaransa lazima achore tena é, è, ê, à, ç na wenzake, na kila mmoja anakula kigae chake. Kwa mara moja, lugha ya soko la Kadutu inatoka bei nafuu kuliko lugha ya ofisi.

Na mchezo wa kwanza uwe upi? Vitabu vingi humwanzisha mwanafunzi na chombo cha angani kinachopiga risasi. Katika eneo ambapo watoto wamesikia risasi za kweli, mwalimu mwenye busara atatafuta kitu kingine. Kuna mchezo wa mashimo na kete, ambao watu wa pwani huuita bao na Wanyarwanda huuita igisoro. Ubao wake ni safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64. Katika kumbukumbu ya Game Boy, kila shimo linahitaji baiti moja tu, kwa hiyo ubao mzima ni baiti 32 kati ya 8,192 zilizopo. Kila shimo likichorwa kwa vigae vinne, ubao unachukua pikseli 128 kwa 64, na inabaki nafasi ya kuandika zamu ni ya nani.

Kila mchezaji ana mashimo 16 upande wake na anasambaza kete akizunguka humo. Mwanafunzi anaandika: chukua kete zote za shimo hili, maadamu mkononi kuna kete, sogea shimo moja, weka moja, punguza moja. Akipita shimo la mwisho arudi la kwanza. Mashimo yakipewa namba kuanzia 0 hadi 15, kurudi huko kunafanywa kwa agizo moja la mashine, kwa sababu 16 ni kile kidole cha tano: kinakunjwa, na hesabu imeanza upya. Kusambaza kete ni kazi ya siku mbili. Kinachochukua wiki ni kanuni: lini mchezaji anakula kete za mwenzake, lini anaendelea, lini anasimama. Hapo kijana anagundua kwamba mchezo aliouona tangu utoto hakuwahi kuujua sawasawa, na itambidi akae na mzee auulize. Wazee wengi waliokimbia vijiji vyao wamebaki mjini bila shamba na bila kazi. Mwanafunzi wa namna hii anawahitaji.

Halafu inafika sehemu inayowashinda wengi, na ni vizuri wajulishwe mapema. Kioo cha Game Boy huchorwa upya karibu mara 60 kwa sekunde, mstari kwa mstari. Wakati mashine inachora mstari, kumbukumbu ya picha imefungwa, na chochote kinachoandikwa humo kinapotea. Baada ya mstari wa 144 inapumzika kwa muda wa mistari 10, zaidi kidogo ya milisekunde moja, na katika upenyo huo ndipo programu inapaswa kubadilisha picha. Zaidi ya hapo, maumbo yanayotembea hayawezi kuzidi 40 kwa jumla na 10 katika mstari mmoja. La kumi na moja halionekani. Mwanafunzi ambaye mtu wake amepotea kwenye kioo atatafuta kosa siku tatu, atakasirika, ataapa kuacha. Baadaye atahesabu, na kulipata. Anayeishi kwa kupima maji ya bidoni na mkaa wa kopo hashangai kuambiwa kwamba hakuna nafasi ya kupoteza. Wanaoshangaa ni waliozoea kompyuta kubwa.

Wazazi wana maneno yao, na yanastahili kusikilizwa. Mama aliyelala bila kula hataki kusikia kwamba mwanaye ameshinda kutwa kwenye mchezo. Katika mitaa mingi, nyumba za michezo ya video zinajulikana kama mahali pa watoro wa shule na vijana wanaocheza kamari, na sifa hiyo haikutoka hewani. Lakini kati ya kucheza na kutengeneza kuna umbali kama wa mnywaji wa chai na mlimaji wa chai. Mtoto anayetengeneza hucheza kidogo sana. Muda mwingi anafanya hesabu na kusoma. Mzazi mwenye shaka aombe kuonyeshwa kaye. Akikuta kurasa za vijumba na namba, mwanaye yuko kazini. Akikuta kaye nyeupe, ana haki ya kumrudisha kuchota maji.

Kuhusu pesa, ukweli usemwe waziwazi tangu siku ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo mashirika mengi huwapaka vijana asali mdomoni. Soko la michezo mipya ya mashine za zamani lipo, ila ni dogo. Mwaka 2019 kikundi kidogo cha Ujerumani, Morphcat Games, kilitoa Micro Mages, mchezo mpya wa Famicom ulioingia wote katika kilobaiti 40, sawa na Super Mario Bros. ya 1985. Ulipata wanunuzi, wengine wakitaka hata kasete halisi. Kuna mashindano ya watengenezaji na kuna maduka ya mtandaoni ambapo mtu anaweza kuweka mchezo wake. Lakini wanaoishi kwa kazi hiyo peke yake ni wachache hata Ulaya na Marekani. Kijana wa Goma ana tatizo la ziada: benki za mji zilifungwa mwanzoni mwa 2025, na kupokea dola ishirini kutoka nje kunaweza kuwa kazi kubwa kuliko kuandika mchezo wenyewe.

Basi faida iko wapi? Iko katika kile kinachobaki mkononi. Aliyeandika mchezo kwa asembla anajua kumbukumbu ni nini, anajua kwa nini programu inakwama, anajua kusoma maelezo ya kiufundi mpaka mwisho. Akikutana na C, au na vidude vidogo vya kielektroniki vinavyoongoza pampu na chaja za jua, atakuta ni mambo ya ukoo uleule: biti, baiti, namba za milango ya kuingilia na kutokea. Fundi wa plaki za jua anayejua programu ana kazi Kivu leo, bila kungoja mnunuzi wa Berlin. Na kwa atakayeshikwa na michezo yenyewe, mifano ya Afrika ipo. Huko Yaoundé, Kameruni, Olivier Madiba na wenzake wa Kiro'o Games walitoa mwaka 2016 mchezo mkubwa wa kompyuta, Aurion, uliojengwa juu ya hadithi za Kiafrika. Wazo lake lilianza mwaka 2003, Madiba akiwa bado mwanafunzi. Ni miaka 13, na umeme ukikatika katikati.

Jambo jingine linafaa kusemwa hapa, ingawa linakwenda pembeni kidogo. Ulimwengu wa michezo ya video unaijua Kivu kwa udongo wake. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya tantali, inayotokana na koltani, ilipanda ghafla katika soko la dunia, na telefoni za mkononi pamoja na mashine mpya za michezo zilitajwa kati ya sababu. Migodi ya Masisi ilijaa watu, na wenye silaha walijua wapi pa kukaa. Miaka zaidi ya 20 imepita, na Rubaya bado inachimbwa kwa sururu na mikono. Kijana wa Masisi anayeandika mchezo hawezi kubadili bei ya koltani. Ila atakuwa ameingia ndani ya kitu ambacho mpaka sasa jamaa yake imekijua kwa kukibebea mawe tu.

Kizuizi kinachodharauliwa zaidi ni lugha. Sehemu kubwa ya maelezo ya mashine hizi imeandikwa kwa Kiingereza. Kijana wa Kongo amesoma kwa Kifaransa, anafikiri kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, na Kiingereza anakijua kwa nyimbo. Akipewa Pan Docs peke yake ataifunga ukurasa wa tatu. Dawa si kumngoja ajue Kiingereza kwanza. Kurasa chache za mwanzo, zile za kumbukumbu, vigae, vitufe na mpumziko wa kioo, zinaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na kuchapwa kwenye karatasi. Walimu wa hesabu wanaokaa bila mshahara wangeweza kulipwa kwa kazi hiyo, na ingegharimu kidogo kuliko fulana zinazogawiwa siku za kufunga mafunzo.

Wanaopanga mafunzo wana mambo ya kubadilisha, na la kwanza ni muda. Wiki mbili hazitoshi kwa chochote kilichoelezwa hapa. Miezi sita, siku tatu kwa wiki, inaanza kuleta maana. Mwezi wa kwanza uwe wa kaye na vidole, maana ndio utakaoonyesha nani anaipenda kazi na nani alifuata nauli ya usafiri. Kompyuta za zamani zinatosha: mtaalamu atakayesema lazima ziwe mpya aulizwe anataka kuzifanyia nini, kwa sababu RGBDS na emuleta hazidai mashine ya nguvu. GB Studio inadai zaidi kidogo. Vijana wanne kwa kompyuta moja si balaa, maadamu zamu ya kibodi inafuatwa kwa saa na si kwa ubavu.

Wasichana watahitaji mpango wao. Masomo yakipangwa asubuhi wakati wa kuchota maji, au jioni kwenye njia isiyo salama, chumba kitajaa wavulana na ripoti itasema wasichana hawakupendezwa. Saa nane mchana, mahali pa karibu, na mtoto mchanga kuruhusiwa kuingia na mama yake: ni mambo madogo, na mara nyingi hayo ndiyo yanayosahaulika.

Mwalimu asiwajazie pia vijana flashi za michezo ya kampuni zilizochukuliwa mtandaoni bila ruhusa. Emuleta ni chombo halali, lakini Tetris na Mario vina wenyewe. Michezo mingi ya watengenezaji wa leo hutolewa bure pamoja na maandishi yake yote ya programu. Hiyo inatosha kujifunzia, na inafundisha zaidi kwa sababu inafunguka ndani.

Linabaki swali ambalo wazazi watauliza kabla ya mengine: mafunzo yakiisha, kompyuta zitalala wapi? Zikirudi kwenye gari la shirika, tumerudi palepale pa cheti na picha. Zikigawiwa kwa vijana, nyingine zitauzwa kabla ya mwezi kwisha, na njaa haina wa kulaumiwa. Katika kila mtaa kuna butike ya kuchaji telefoni. Ina plaki za jua, ina kufuli, ina mwenye duka anayejulikana, na watu humwachia telefoni zao kutwa nzima bila wasiwasi. Kompyuta mbili zikiwekwa pale kwa mkataba ulioandikwa na kusomwa mbele ya chefu wa mtaa, shirika likalipia umeme wa saa fulani kila siku kwa mwaka mmoja, mwenye butike anapata kipato na vijana wanapata mahali. Saa zitajwe, bei itajwe, na jina la atakayetengeneza kompyuta ikiharibika liandikwe kwenye karatasi hiyohiyo.